Kushusha IST na kuifunga rimu za spoti bila tairi kusugua: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Maswali yanayokuja ni yale yale kila wiki: tairi inasugua nikikata kona, gari linatetemeka nikifika 80, springi inagonga kwenye matuta, nati zinalegea. Ukimhoji mtu vizuri unakuta kaona rimu Gerezani pale Kariakoo zikamkaa moyoni, kalipa, kafunga, kesho yake kakata springi, alafu wiki ya pili ndo anaanza kuuliza ET (namba ya rimu inayoonyesha inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani) ni nini.

Hapa tunaenda kwa mpangilio mwingine. Unashusha gari kwanza (kama unashusha), unapima nafasi iliyobaki, ndipo unanunua rimu na tairi. Ukifuata mpangilio huu huli hela mara mbili.

Naongelea Toyota IST old model, ya 2002 mpaka 2007, yaani NCP60 ya injini ya 1.3 na NCP61 ya 1.5. Wenye Vitz old model, Passo na Starlet hatua ni hizi hizi ila vipimo someni vya magari yenu. New model iliyotoka 2007 ina nati 5 na PCD yake (idadi ya nati na kipenyo cha duara lao kwa milimita) ni 5x100, mwenye hiyo asinunue rimu kwa namba za hapa.

## Vitu vya kuandaa

- Jeki nzuri na stendi mbili za jeki. Jeki peke yake haitoshi, nitarudia tena huko chini.
- Mawe au magogo ya kuzuia matairi.
- Spana ya gurudumu namba 21, na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza (azima kwa fundi, au kodi).
- Brashi ya waya na msasa.
- Futi, rula ndefu au kipande cha ubao ulionyooka.
- Chaki, na donge la unga wa ngano uliokandwa kama wa chapati. Sio utani, kazi yake utaiona hatua ya 6.
- Kibana springi, kile cha chuma chenye ndoano, viwili kwa kila springi.
- Springi fupi za kiwandani zilizotengenezwa kwa IST hiyo hiyo. Foo wili, NCP65, ulizia zake.
- Ringi za habu (habu ni kitovu ambacho rimu inakaa, ringi inajaza nafasi kati yao), za plastiki ngumu au alumini.
- Nati mpya zinazoendana na rimu. M12x1.5.
- Kipimo cha upepo.

## Hatua ya 1: Kagua gari lenyewe kwanza

Gari lenye bolojointi zimechoka ukilifunga rimu pana unaongeza tatizo. Rimu pana inavuta usukani kwa nguvu zaidi, kwahiyo ulegevu uliokuwa hauusikii utausikia, na utasema rimu ndo mbaya.

Nyanyua mbele, weka stendi. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, angalia bolojointi au bearingi. Shika kushoto na kulia, tikisa tena, likicheza hapo mara nyingi ni tairodi endi. Alafu angalia shokapu, ikiwa na mafuta yametapakaa mwilini imekwisha, na shokapu iliyokwisha haiwezi kuzuia springi fupi na ngumu, gari litaruka ruka kama mpira.

Umefaulu kama: tairi halichezi, shokapu ni kavu, na ukikandamiza bampa gari linarudi juu mara moja na kutulia.

## Hatua ya 2: Jua namba za gari lako

Ziandike kwenye simu kabisa, usizibebe kichwani ukaenda nazo dukani ukazichanganya:

PCD 4x100. Tundu la katikati milimita 54.1. Nati M12x1.5. Saizi ya tairi soma kwenye stika iliyoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na ulinganishe na tairi lililofungwa maana magari haya yameshapita mikono mingi. Rimu ya zamani ifungue uisome kwa ndani au kwa nyuma, utakuta kitu kama 15x5½J (kipenyo inchi 15, upana inchi 5.5) na ET yake.

Hapa kuna mtego. Rimu za nati 4 ziko za 100 na ziko za 114.3, na kwa macho zinafanana. Kwa nati 4 kupima ni rahisi, weka futi kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu linalotazamana nalo. Ikisoma sentimita 10 ni yenyewe. Ikisoma 11 na kitu, rudisha, hata muuzaji akikwambia "inaingia tu hiyo boss, unakaza pole pole". Ikiingia kwa kulazimisha ina maana studi (ile bolti ya habu inayoshika nati) imepinda.

Rimu za Demio zinaingia vizuri, PCD ni hiyo hiyo na tundu ni 54.1. Za Honda Fit nazo ni 4x100 ila tundu ni 56.1, zinahitaji ringi, na rimu zao za kiwandani zinakaliwa na nati ya mviringo, sio ya pembe (iliyochongoka kama koni) kama tuliyozoea. Ukitumia nati ya pembe kwenye kikalio cha mviringo inagusa mstari mwembamba tu na inalegea. Na nati za Nissan usiziguse, ni M12x1.25, zinaanza kuingia vizuri alafu zinakula studi.

## Hatua ya 3: Kushusha

Kama huna mpango wa kushusha ruka mpaka hatua ya 4.

Maoni yangu: milimita 25 mpaka 30, basi. Gari likishuka hapo linakaa vizuri, fenda na tairi vinakaribiana, na bado unapita matuta ya mtaani ukiwa na abiria. Wanaoshusha 50 na zaidi wanakuja kulia bampa na egzosi ndani ya mwezi, alafu wanailaumu serikali kwa matuta.

Usikate springi. Hili ndo kosa namba moja kwahiyo nalieleza vizuri. Duara la mwisho la springi limetengenezwa likae kwenye kikalio chake. Ukikata unaondoa huo mwisho, springi inabaki imekaa upande. Pia inakuwa fupi kuliko mwendo wa shokapu, ukipita shimo tairi linashuka, springi inabaki inaelea, likirudi juu springi inaweza kukaa vibaya au kutoka kabisa. Na wale wanaochoma kwa gesi mpaka ilegee ni hatari zaidi, moto unaua ugumu wa chuma na itavunjika siku yake bila taarifa.

Mbele. IST mbele ina shokapu iliyobeba springi juu yake. Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini, nyanyua, weka stendi, ondoa gurudumu. Fungua stabilaiza linki, bano la mpira wa breki na waya wa ABS kama upo, alafu bolti mbili za chini zinazoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba habu na breki). Kabla hujazitoa chora mstari kwa rangi au kitu chenye ncha kuonyesha zilipokaa, itakusaidia kurudisha karibu na ilivyokuwa. Usiache nako ikaning'inia kwenye mpira wa breki, ifunge kwa waya. Za juu fungua mwisho huku mtu mwingine kashika shokapu. Ikibidi toa waipa na plastiki iliyo chini ya kioo ili mkono ufike.

Sasa hatari yenyewe. Nati ya katikati juu ya shokapu haiguswi mpaka springi iwe imebanwa pande mbili zinazotazamana, na imelegea kabisa kwenye kikalio. Springi iliyokandamizwa ikifyatuka inavunja taya. Fundi akikwambia anabana kwa kamba au waya, chukua shokapu zako uondoke, kuna gereji nyingine. Na kama hujawahi kufanya hii kazi, toa shokapu mwenyewe upeleke kwa mwenye kibanio kizuri, gharama yake ni ndogo.

Badili springi, hakikisha mwisho wake umegota kwenye ngazi ya kikalio, rudisha raba zote. Angalia maandishi kwenye springi yasomeke wima, yakiwa kichwa chini umegeuza.

Nyuma ni rahisi. Springi iko peke yake na shokapu peke yake. Nyanyua, stendi chini ya bodi, jeki nyingine ishike ekseli, toa bolti ya chini ya shokapu pande zote, shusha ekseli taratibu huku ukiangalia mipira ya breki isivutike, springi inatoka kwa mkono. Ingiza mpya na raba zake. Bolti ya chini ya shokapu ikaze mwisho kabisa ekseli ikiwa imebeba uzito wa gari, ukiikaza ikiwa imening'inia bushi inajipinda muda wote na inachanika mapema.

Umefaulu kama: urefu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda uko sawa kushoto na kulia (tofauti ya milimita 5 sio kesi), na ukikata usukani mpaka mwisho gari likiwa limesimama husikii springi ikiruka.

Endesha siku chache springi zikae. Alaimenti subiri kwanza.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya rimu kabla ya kwenda dukani

ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapogusana na habu. ET kubwa rimu inaingia ndani, ET ndogo inatoka nje. Hesabu yake watu wanaikimbia lakini ni ya darasa la 5.

Tuseme ya zamani ni 5.5J ET45, na umependa ya 7J ET38. Inchi 5.5 ni milimita 139.7, inchi 7 ni 177.8. Tofauti 38.1, gawa kwa 2 unapata 19 kila upande. ET imepungua 7. Kwahiyo upande wa nje rimu inatoka 19 jumlisha 7, milimita 26. Upande wa ndani inasogea 19 toa 7, milimita 12 kuelekea shokapu.

Sasa nenda kwenye gari. Simamisha ubao wima ukigusa ukingo wa fenda, pima kutoka ubao mpaka ubavu wa tairi, hiyo ndo nafasi ya nje. Kwa ndani ingiza vidole au rula kati ya tairi na shokapu. Kama nje una 15 na rimu inataka 26, majibu unayo, na hujatoa hata shilingi.

Kwa IST ya kutumia kila siku mimi nasema 15x6.5 au 16x6.5, ET ya 38 mpaka 45. Inch 17 inapendeza kwenye picha, ila barabara zetu zenye mashimo ubavu wa tairi ndo unaokuokoa, na wa 17 ni mwembamba. Spesa (vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu kuisogeza nje) ziepuke kama unaweza, hasa zile bapa za unene mkubwa, zinakula urefu wa studi.

## Hatua ya 5: Kununua rimu na tairi

Rimu za mtumba za Japani mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei chee. Tafuta alama za ubora wa rimu za Japani, JWL, na ikiwezekana VIA, zimechongwa au kubonyezwa kwenye rimu yenyewe. Alafu zigeuze. Upande wa nje umepigwa rangi ili ukupendeze wewe, ukweli uko ndani. Tafuta sehemu iliyochomelewa, ukingo uliojikunja, nyufa ndogo kwenye mizizi ya mikono ya rimu. Mwambie muuzaji aiweke kwenye mashine ya balansi izunguke bila tairi, ikicheza kushoto kulia unaiona kwa macho. Akikataa kuizungusha, jibu umepata.

Pima tundu la katikati. Rimu nyingi za spoti ni 67.1 au 73.1, habu yako ni 54.1, ile nafasi ndo inayoleta mtetemo ambao watu wanabalansi tairi mara tatu na hauishi. Nunua ringi 4 za namba zako kamili, mfano 67.1 kwa 54.1.

Tairi: kipenyo cha jumla kisipishane na cha zamani zaidi ya asilimia 3, la sivyo spidomita inadanganya na tairi inasugua. Mfano gari lenye 185/65R15:

- 185/65R15: 185 mara 0.65 mara 2, jumlisha 381 (inchi 15 kwa milimita), unapata kama 621.
- 195/55R16: inakuja 621. Hii ndo nzuri.
- 205/45R17: 616, inapita kwa kipenyo, ila ubavu umeshuka kutoka 120 mpaka 92.
- 195/50R15: 576. Pungufu ya asilimia 7, gari linaonekana limevaa viatu vya mtoto na spidomita itakusomea kubwa kuliko uhalisia.

Namba ya mzigo, ile inayofuata saizi kama 87 au 88, isiwe chini sana ya ya zamani. 88 ni kilo 560 kwa tairi, 87 ni 545, 82 ni 475. Na tarehe soma kwenye tarakimu 4 za mwisho za DOT (msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi), 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini la miaka 9, liache hapo hapo.

## Hatua ya 6: Jaribu mbili kabla ya kufunga nne

Hii hatua karibu kila mtu anairuka. Vaa tairi kwenye rimu mbili tu, moja mbele moja nyuma, upande mmoja wa gari. Sugua kutu yote kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, kutu kidogo tu inafanya rimu isikae bapa. Weka ringi, vaa rimu, inatakiwa iingie na kubaki imeshikwa na habu hata kabla ya nati.

Zungusha nati kwa mkono. Hesabu mizunguko, isipungue 8, kwasababu kwa studi ya milimita 12 unahitaji uzi usiopungua milimita 12 ndani ya nati, na kila mzunguko ni 1.5. Ukipata 5 au 6 usitoke barabarani, nati ni fupi au rimu ni nene.

Sasa unga. Kata madonge madogo, bandika moja kwenye shokapu pale tairi linapokaribia, jingine ndani ya ukingo wa fenda, jingine kwenye plastiki ya mbele ndani ya fenda. Ukingo wa fenda kwa ndani upake na chaki. Pakia watu 4 na mzigo kwenye buti, maana gari tupu linadanganya. Tembea pole pole uwanjani, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, panda tuta kwa pembe ili upande mmoja ukandamizike. Rudi uangalie madonge. Unga uliobanwa ukabaki unene wa milimita 5 au zaidi kwenye shokapu ni salama. Uliopakwa kama siagi, rimu hiyo haifai kwa ET hiyo. Chaki ikihamia kwenye tairi, fenda inaguswa.

Ikisugua kidogo tu plastiki ya ndani, mara nyingi klipu zimekatika, irudishe kwa klipu mpya au ifunge vizuri, inaisha. Ikigusa chuma cha fenda, rudisha rimu. Kukunja fenda kunawezekana, ila rangi inapasuka na kutu inaanza hapo hapo, hasa kwa sisi wa karibu na bahari.

## Hatua ya 7: Funga zote na kaza ipasavyo

Kaza kwa msalaba, sio kwa kuzunguka, gari likiwa limenyanyuliwa kwanza kidogo, kisha shusha umalizie chini. Torki ni 103 Nm. Mashine ya upepo ya kibandani inakaza bila kipimo, inavuta studi, na siku ya pancha usiku hutaweza kufungua. Kama spana ya torki imekosekana kabisa, mpini wa sentimita 40 unataka nguvu ya kama kilo 26 mwishoni, ndo uzito wa mfuko wa unga wa kilo 25 na kidogo. Usipande juu ya spana na kuruka.

Na jeki, narudia: hakuna mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki tu.

Balansi zote nne, upepo anza na namba ya stika, kama ubavu ni mwembamba kuliko wa zamani ongeza PSI 2.

## Hatua ya 8: Alaimenti na jaribio la barabara

Sasa ndo alaimenti, baada ya kila kitu. Kushusha kunabadili toe ya mbele (matairi kuelekeana ndani au nje ukiyatazama kwa juu) na usipoirekebisha tairi mpya zitaliwa upande wa ndani ndani ya miezi. Nyuma ya IST ya two wili ni ekseli moja isiyorekebishika, kwahiyo fundi akikutoza hela ya kurekebisha nyuma muulize anarekebisha bolti gani.

Toka kwenye barabara nzuri. Usomaji wake uko hivi:

- Usukani unatetemeka kati ya 80 na 100: balansi ya mbele, au ringi haijakaa.
- Unatetemeka ukikanyaga breki tu: diski, rimu usizisingizie.
- Gari linavuta upande: linganisha upepo kwanza, kisha badilishana tairi za mbele kushoto kwa kulia (kama hazina mshale wa mwelekeo), likivuta upande wa pili ni tairi.
- Mlio wa "kruu" ukikata kona umepakia: rudi kwenye unga.
- Kugonga mbele kwenye mashimo: stabilaiza linki au nati ya juu ya shokapu.

Baada ya kilomita 100 kaza nati upya kwa torki ile ile, zikiwa za baridi. Ukiona hata moja imezunguka zaidi ya robo, fungua gurudumu lote uangalie kikalio na aina ya nati. Rimu za zamani mbili nzuri zaidi usiziuze bado, moja iwe ya akiba kwenye buti, na nati zake za zamani ziweke humo humo kwenye mfuko, maana nati za spoti zinaweza zisikae kwenye rimu ya chuma siku ya pancha.